Benchi la Nje

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya ruksa, biashara binafsi ziliporuhusiwa, binti yangu wa kwanza aliamka anachemka homa, macho yamelegea. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa Mwanza mjini, tukaikimbilia moja iliyosifiwa. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Kisesa, alimbeba mtoto mgongoni.

Pale, mwanangu, palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeitangaza. Wahindi na Wazungu waliketi ndani chini ya pangaboi na kuitwa kwanza. Sisi Waafrika tulikaa benchi la nje, juani, hata kama tumewatangulia.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na kichwa changu hakikujua kupumzika. Nikaanza kupanga hotuba. Niseme kwa ukali? Na wakitufukuza? Niseme kwa upole? Na wakinidharau? Nilibadili sentensi ya kwanza mpaka jasho likanitoka.

Mama akanitazama. "Mtoto anaungua, wewe unapanga maneno. Utamaliza lini?"

Akaingia ndani. Hakugombana na mtu. Alisalimia kama tusalimiavyo kwetu, mmoja mmoja: "Mwangaluka." Watu wakatazamana. Kisha bibi mmoja wa Kihindi mwenye mvi akaitikia kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko changu, akauliza ametoka wapi, wa ukoo gani. Kumbe baba wa bibi huyo alikuwa na duka palepale Kisesa! Mama akasema anamkumbuka bibi mwenyewe, yule mtoto mnene wa dukani aliyeshinda akila sukari guru. Bibi akajibu kwamba naye anamkumbuka msichana aliyekuwa akija kuidokoa. Wakacheka mpaka mtoto akashtuka.

Bibi akavuta kiti. "Kaa, mayu, mama yangu. Nitamwambia daktari wewe ni mtu wangu."

Mama hakukaa. "Huyu aingie kwa kuwa anaungua, si kwa kuwa tunajuana. Wale walioko juani, wao wanajuana na nani?"

Bibi akainuka. Kisha akachukua mkongojo wake, akatoka, akajibana kwenye benchi la nje kati ya mama mjamzito na mvuvi mwenye mkono uliovimba. Daktari alipomfuata kumwita, bibi alimwambia zamu yake bado, aanze na waliozidiwa. Daktari akainamisha uso, akampokea binti yangu, kisha yule mjamzito.

Kesho yake tuliporudi kwa sindano, benchi lilikuwa ndani, chini ya pangaboi, na muuguzi akipita kugusa vipaji vya nyuso za watu wa rangi zote, aone nani amezidiwa. Mama alikuwa amemletea rafiki yake, yule bibi, michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Binti naye alikuwa na nguvu ya kupiga kelele, na hajaacha hadi leo.

Mwanangu, ukiona wagonjwa wanatengwa kwa rangi, usingoje maneno yako yapendeze. Salimia, kisha sema. Na ukikaribishwa ndani peke yako kwa kuwa unafahamika, ulizia walioachwa nje kabla hujaketi.

Mungu akujalie afya, ulimi usiochelewa, na wa kutaniana naye mpaka mvi zikuote.