Nahodha Aliyemwamkia Mchezaji Wake

Mwanangu, Jumamosi ile naikumbuka mpaka leo, nikipita mtaa wa Rosettenville peke yangu nacheka. Timu ya taifa ya raga, ile ya wachezaji kumi na watatu, ilikuwa changa, haijashinda hata mechi moja, na nahodha wake nilikuwa mimi! Mimi, mtoto wa mama wa Kitanga aliyehamia nchi hii akanilea kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Berea. Jina langu lilipotangazwa, mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Sasa, mle timuni alikuwamo Mzee Kabeya, Mkongo wa Lubumbashi, kifua kama kabati. Umri wake wa mjomba wangu, basi kila mazoezi naanza na shikamoo. Alitoka kwenye ile raga nyingine, ya watu kumi na watano, ambako mtu akiangushwa mnaugombania mpira palepale chini. Kwetu marufuku: ukishamwangusha unamwachia, anasimama, anausukuma mpira nyuma kwa mguu. Mzee damu ikimchemka anasahau, anamrukia mtu, refa anapuliza, penalti. Tena na tena! Jumamosi hiyo timu ya wageni tuliocheza nao wanaokota pointi za bure, nami nanong'ona, "Samahani mjomba, naomba umwachie." Nilifunzwa kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu.

Mapumziko yakatukuta tuko nyuma. Mzee Kabeya akanikamata jezi kifuani.

"Weye ni kapiteni ao mukwe yangu? Unaniomba-omba sawa mwenye kuja kuposa! Naharibu, na weye unaniangalia tu. Unipigie kelele!"

"Lakini mjomba, heshima..."

"Heshima gani hii? Unaniacha niwapotezee wenzangu mechi!"

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nauficha wa timu nzima. Kipindi cha pili, mgeni kaangushwa, namwona mzee anajikunja kuruka. Nikapaza sauti ikafika jukwaani: "Kabeya! Mwachie!" Jina tupu, bila mjomba! Akasimama, akanitazama. Nikasema leo nimekwisha.

"Sharp, kapiteni! Ni vizuri vile!" akacheka, akarudi kwenye mstari.

Lo! Penalti zikakoma. Tukafunga trai, tukaongeza nyingine, na filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa tumeshinda! Watu wakavamia uwanja, mama naye yumo, mtandio umemwanguka mabegani. Unahodha niliushika misimu mingi baada ya hapo, na Mzee Kabeya alikuwa wa kwanza kunitetea kila nilipokosea.

Sasa nasikia umefanywa msimamizi pale ghalani, na yuko baba mtu mzima anayeharibu kazi, nawe unaona haya kumwambia. Eish, mwanangu! Heshima si utumwa. Pakiwa na nafasi, mvute kando umwambie kwa adabu. Pasipo na nafasi, paza sauti, kisha kesho mwamkie kama kawaida yako. Ukimnyamazia umemtupa, pamoja na wote wanaokula kwa kazi hiyo.

Nenda, Mungu akupe ulimi usioogopa na moyo usiodharau. Na wazee utakaowaongoza wakuombee dua.