Duka Lililotaka Kuitwa La

Wiki iliyopita nilisimama kununua sabuni kwenye duka jipya pale Salamabila, mji wetu wa machimbo ya dhahabu, nikakuta mchoraji ameshika brashi hewani. Mwenye duka alikuwa amemwagiza aandike neno moja tu kwenye kibao: LA.

"Ni Kifaransa," alitueleza, akigonga meza kwa kidole. "Là! Unatafuta nini? Iko pale!"

Mzee mmoja wa Kasongo, mwenye kofia nyeupe, aliweka mwavuli wake chini polepole.

"Mutoto yangu, la ni hapana. Ni Kiarabu. Mutu ataingia namna gani mu duka ya Hapana?"

Mchimba dhahabu mmoja, matope mpaka magotini, alikuwa ameshaketi juu ya gunia la unga.

"Mimi nimesikia kula," alisema. "Sasa chakula iko wapi?"

Walibishana mpaka rangi ikaanza kukauka kwenye brashi. Mwishowe mwenye duka akachoka na maneno yote. Akaagiza achorewe mkono mkubwa unaoonyesha kwa kidole, kitu ambacho kila kabila lingekielewa. Tulipiga makofi, hata yule mzee.

Juzi nimepita tena. Kibao kimetundikwa juu ya mlango, kinapendeza kweli, na kidole kinaelekea moja kwa moja kwenye duka la jirani. Kwa jirani nilikuta watu wamejaa mpaka barazani, na mchimba dhahabu wetu katikati yao, anatafuna mkate.

Neno lile lingemkosesha mwenye duka wateja wachache tu. Kidole, bahati mbaya, kimeeleweka na wote.