Aliyeibembeleza Pai

Verna hakuwahi kuona pai ya cheri ikibembelezwa vile. Mpigapicha aliipaka mafuta kwa brashi, akaondoa punje moja ya sukari kwa kibano, kisha akainong'oneza: "Geuka kidogo, bibie." Juu yake akaweka donge la viazi vilivyopondwa lionekane kama aiskrimu, maana aiskrimu halisi huyeyuka chini ya taa. Jina la Verna alikuwa amelisahau mara tatu tangu asubuhi. Verna alivumilia, kwa kuwa mchapaji wa bango la mgahawa wake alitaka picha kabla ya adhuhuri, na msimu wa cheri ulikuwa umekwisha Michigan nzima. Pai ilikuwa hiyo moja tu.

Ndipo Harlan, mumewe, alipoingia na kijiko, akachota donge zima pamoja na ubavu wa pai. Macho yakamtoka pima. "Mke wangu, aiskrimu gani hii?" "Umeniua, mwanamume wewe!" Verna akalia. "Mzee, usiteme!" mpigapicha akasihi, kamera imekwisha kumgeukia. "Mwanga umekukubali." Sasa wasafiri hushuka garini wakisema, "Tupeni kile alichokula yule mzee wa kwenye bango," na Verna huwakatia pai bila kutaja viazi.