Jina Lililohodhiwa na Wifi

Jerilyn Sorensen alikuwa amechoka ule uchovu wa mtu anayeweka maziwa kabatini na sabuni kwenye friji, kisha anaviangalia vyote viwili na kufunga milango. Binti yake alikuwa na wiki tatu duniani na bado hana jina. Fomu ya serikali ilining'inia kwenye friji, nafasi ya jina ikiwa tupu vilevile kama ilivyotoka hospitali.

Majina hayakukosekana. Yalikuwa mawili, na ndiyo taabu yenyewe. Katika bonde lile la Utah, Marekani, kumpa msichana jina la kike kulishapitwa na wakati. Mabinti wa siku hizi walipewa majina ya koo za watu wasiowajua. Darasa la wadogo kanisani lilikuwa na Hadley, Collins, Brooks na akina Palmer wawili. Mwalimu akiita majina, ungedhani mawakili wanaingia kortini, kumbe wanasubiri biskuti.

Jerilyn alitaka Sutton. Wavulana wake watatu walipewa majina na ukoo wa mume: wa kwanza la babu, wa pili la babu wa babu, wa tatu la kocha aliyependwa na baba mkwe. Huyu wa nne alimtaka awe wake. Lakini Sutton lilihodhiwa na wifi yake, Kamri, tangu ana miaka kumi na minne, kwa ajili ya binti atakayemzaa, na kwa watu wale jina lililohodhiwa ni kama benchi la kanisa lililowekewa koti: hakai mtu. Kamri alikuwa na wavulana wanne na mimba ya miezi sita. Puto la kutangaza jinsia lilipopasuliwa, ulimwagika unga wa buluu, rangi ya wavulana, na Kamri akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Jumamosi Kamri alikuja na mama yake, Verlene, mama mkwe wa Jerilyn. Kamri alikuwa fundi wa kukata majina kwa mbao, ya kutundika juu ya vitanda vya watoto.

"Wifi, kesho mtoto anabarikiwa kanisani. Sema Palmer nikakate."

"Palmer wapo wawili tayari."

"Basi wa tatu hatakosa wenzake."

"Na hilo Sutton unamwekea nani, Kamri? Umebakiza mmoja timu ya kikapu itimie."

Kamri akalishika tumbo lake. "Mungu hajafunga duka."

"Mimi yote mawili naona ni ya wazee wenye masharubu," akasema Verlene bila kuinua macho kutoka kwenye kufuma kwake. "Lakini amani inashinda jina, mwanangu."

"Amani ya nani, mama?"

Sindano za Verlene ziliendelea kugongana.

Asubuhi ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya kufunga, na hakuna aliyetia kitu tumboni tangu jana. Ndani ya gari, Jerilyn alimwambia mumewe, "Sema Palmer."

"Una hakika, mpenzi?"

"Nimechoka, Dallin. Hata ukimwita Jumanne, mwite."

Kanuni yao ndiyo hii: mama hubeba miezi tisa, kisha wanaume saba husimama duara, wakimbeba mtoto dakika tatu wakimrusharusha asilie, na baba ndiye hulitamka jina. Mama hukaa kwenye benchi akisikiliza kama wageni wengine. Kanisani, ndani ya duara hilo, Dallin alifumba macho.

"Tunampa mtoto huyu jina, nalo ni..." Matumbo ya waumini yalisikika yakinguruma. "Sutton Sorensen."

Benchi la Kamri likalia kwaa. "Mama," mwanawe mmoja akauliza kwa sauti, "si hilo jina letu?"

Dallin alirudi uso mwekundu. "Limeniponyoka," akanong'ona. "Wiki tatu nakusikia unamnyonyesha ukimwita hivyo. Na njaa hii nayo."

Jerilyn hakujua kama aliwahi kulitamka kwa sauti.

Ibada ilipokwisha, karani wa kanisa, mzee Ostler, aliwafuata na cheti na kalamu. "Dada Jerilyn, wanasema baba amekosea. Niandike lipi?"

Nyuma yake alisimama Kamri, amekumbatia ubao wenye utepe wa waridi: PALMER. Alikuwa ameshaukata, hata hakungoja jibu. Kutikisa kichwa kukubali ingekuwa rahisi. Jerilyn alikuwa ametikisa kichwa hivyo miaka tisa ya ndoa. Lakini siku hiyo hata shingo ilichoka.

"Andika ulichosikia, kaka."

"Wifi!"

"Nimechoka kukupisha, Kamri. Siwezi tena."

Kamri akautazama ubao, kisha akalitazama tumbo lake. Taratibu akafungua ule utepe wa waridi, akautia mfukoni.

"Palmer ni la kiume pia," akasema. "Na kwa binti yako lisingefaa hata kidogo."

Akaondoka na ubao wake kwapani.

Nyumbani kwa Verlene, kwenye foleni ya nyama ya nguruwe na viazi vya jibini, ajuza mmoja alimshika Jerilyn mkono. "Sutton! Hongera, kijana mzuri huyo."

"Ni msichana, bibi."

Huyo alikuwa wa nne kumdhania mvulana, na viazi vilikuwa bado mbali.