Siku Arobaini na Moja Bila Wembe

Siku arobaini na moja sikugusa wembe usoni, na kidevu changu kikabaki laini kama sahani.

Wenzangu saba walikuwa na ndevu. Mimi nilikuwa na kesi.

Naitwa Joren. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mpanda baiskeli wa timu ndogo huku Flandria, karibu na mji wa Oudenaarde. Umri huo kwetu una maana moja tu: ni mwaka wa mwisho katika daraja la vijana. Oktoba ikifika huna mkataba wa kulipwa, unarudi kwenye kazi ya baba.

Baba yangu anaezeka mapaa.

Nilibakiwa na nafasi moja, mbio za siku nne za Ardeni, katikati ya Mei. Ni milima mitupu, na watu wa timu kubwa huja pale kuangalia nani anafaa. Meneja wetu, Ignace, alishasema mapema: "Kule juu, watu saba wanamfanyia kazi mmoja. Huyo mmoja nitamtaja wiki ya mwisho."

Nilitaka awe mimi. Mwaka ule sikutaka kitu kingine chochote.

Sasa, mlima ni hesabu. Unachukua nguvu za miguu, unagawa kwa uzito unaoubeba. Kuongeza nguvu ni kazi ya miaka. Kupunguza uzito ni kazi ya kufunga mdomo.

Nikafunga mdomo.

Nilitoka kilo sabini hadi sitini na moja, na urefu wangu ni mita moja na sentimita themanini na moja. Nilijipima kila asubuhi, kabla ya kunywa maji, nikaandika daftarini. Miezi kumi na minne sikuruka hata siku moja.

Sikuishia mwilini. Nilikata ncha za mikanda ya kofia yangu. Nilikwangua stika zote kwenye fremu ya baiskeli. Mswaki wangu wa safari niliukata mpini, nikawa napiga mswaki kwa vidole viwili. Mswaki haupandi mlima, najua. Lakini ndivyo nilivyokuwa.

Wenzangu wakaniita Gramu.

Timu yetu ina desturi ya kijinga. Tarehe mosi Aprili kila mtu anaacha kunyoa uso, na haruhusiwi kunyoa mpaka mmoja wetu ashinde mbio. Miguu tunaendelea kunyoa kama kawaida; mpanda baiskeli mwenye manyoya miguuni huku kwetu anachekwa hata na wastaafu wanaokunywa bia kando ya barabara. Lakini uso hauguswi. Atakayenyoa kabla ya ushindi, kila kushindwa kunakofuata ni juu yake.

Niliwaambia haina mantiki. Kisha nikaapa kama wengine.

Wiki ya pili, jikoni kwenye nyumba ya timu kulikuwa na mbuzi saba wanakula uji wa shayiri. Tibeau, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, alitoa ndevu nyekundu nzito mpaka karibu na macho.

Mimi nilikuwa na vinywele kama sita juu ya mdomo, laini, vyeupe. Ilibidi usimame dirishani ndipo uvione.

"Gramu, hizo ni ndevu au umekunywa maziwa?" Tibeau aliuliza.

"Zinakuja."

"Zinakuja na baiskeli gani? Maana zimechelewa."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Wiki ya nne hakuna aliyecheka. Tulikuwa hatujashinda hata mbio moja. Jumapili ile Tibeau akawa wa pili, kwa tofauti ya upana wa tairi. Tulipokuwa tunafunga baiskeli juu ya gari, Roel alitupa kofia chini. Roel ndiye mkubwa wetu, mtu wa maneno machache, kwa hiyo akisema watu husikiliza.

"Tunakosa kwa upana wa tairi kwa sababu kuna mtu humu ananyoa."

"Ndevu na tairi wapi na wapi, kaka?" nikamjibu.

"Kwa hiyo unanyoa."

"Sijasema hivyo!"

"Bwana, mtu anayekata mpini wa mswaki atashindwa kukata ndevu?"

Nikiri kitu kimoja: hoja ilikuwa nzuri. Ningekuwa Roel, ningefikia jibu lilelile. Nilisema sinyoi. Nikasema tena. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayenyoa.

Kuanzia siku hiyo, nikiomba chupa ya maji njiani, hakuna aliyesikia. Nikitobokewa tairi, hakuna aliyesubiri. Mezani mazungumzo yalikatika nikivuta kiti. Nilikuwa mwepesi kuliko wote, nimejinyima kuliko wote, na nilikuwa napoteza Ardeni kwa sababu ya kidevu.

Ignace akaniita kando. "Mimi ndevu zenu hazinihusu. Lakini siwezi kuwaambia watu saba wajiue kwa ajili ya mtu wanayemwona mwongo. Limalize."

"Nitathibitisha."

"Vipi? Utathibitishaje kitu ambacho hukufanya?"

Niliona ni swali la kiufundi, na maswali ya kiufundi nayaweza.

Nilimkabidhi Tibeau nyembe zangu zote, za uso na za miguu, akazifungia kwenye sanduku lake. Nikitaka kunyoa miguu, ananipa mmoja, anasimama mlangoni mpaka nimalize, anauchukua. Na kila asubuhi, kabla sijatoka chumbani, ananipiga picha kidevu kwa karibu, gazeti la siku hiyo likiwa chini yake.

"Unafanana na mtu aliyetekwa nyara," Tibeau alisema siku ya kwanza.

"Piga."

Siku kumi na mbili. Picha kumi na mbili.

Ijumaa kabla ya Ardeni, siku ya arobaini na moja, tulikaa wote jikoni. Nilikuwa nimezichapisha. Nikazipanga mezani kwa mstari, tarehe baada ya tarehe, kisha nikamwomba Tibeau aseme alichokiona.

"Hajagusa wembe usoni," Tibeau alisema. "Naapa kwa mama yangu. Miguu amenyoa mara moja tu, mbele yangu."

Roel aliangalia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Akarudia. Akanyoosha mkono. "Samahani, Gramu. Nilikukosea."

Ignace akagonga meza. "Basi yameisha. Alhamisi tunapanda kwa ajili ya Joren."

Wakanipigia makofi. Nilikuwa nimeshinda kwa ushahidi, bila kelele. Sikumbuki siku nyingine niliyojiona nina akili kama ile.

Furaha hiyo ilidumu muda wa kumimina kahawa.

Kwenye kona alikuwepo Mama Lieve, mkandaji wetu. Ana miaka sitini na tatu, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza kwenye miguu ya wapanda baiskeli. Alikuwa anakata mikate ya wali ya kubeba njiani. Akafuta mikono kwenye aproni, akaja, akainama juu ya picha zangu.

"Kwa hiyo hanyoi."

"Hanyoi, Mama Lieve," Tibeau akajibu. "Nimemlinda mwenyewe."

"Basi ndevu ziko wapi?"

Roel alitazama picha kwa mara ya tatu, safari hii kwa uso mwingine.

"Joren," Mama Lieve akanigeukia. "Miguu unanyoa kila baada ya siku ngapi?"

"Kama wiki mbili."

"Mwaka juzi?"

"Siku tatu, nne."

"Hukushangaa?"

Nilijibu ukweli, na mpaka leo nikiukumbuka natamani kujificha. "Nilibadilisha aina ya wembe. Niliandika daftarini kwamba ni mzuri."

"Mwezi wa tano huu na ukilala kwenye meza yangu unatetemeka. Ngozi yako ni ya baridi kama samaki. Nilidhani unaumwa mafua, nikanyamaza, na hilo ni kosa langu." Akanitazama usoni. "Ungekuwa msichana, ningekuuliza swali moja tu, kuhusu siku zako za mwezi, na ningejua tangu mwaka jana."

Vijana wakainamisha vichwa.

"Lieve," Ignace akasema, "tuna mbio Alhamisi."

"Wewe una mbio. Mimi nina mtoto wa watu hapa mezani."

Nilisimama kwa hasira. Nikawaambia afya yangu ninaijua kwa tarakimu, wao wanaijua kwa kupapasa. Nikasema mengine ambayo sitayaandika. Mama Lieve hakubishana. Alimwambia Ignace tu: kama daktari atatia sahihi kwamba niko sawa kupanda, yeye mwenyewe atanikanda bure mwaka mzima.

Jumatatu saa mbili asubuhi nikawa kwa daktari. Dokta Hellebaut ni mwanamke mkavu, wa tarakimu kama mimi. Alichukua damu, akanipitisha kwenye mashine ya kupima mifupa, na kesho yake akaniita.

"Uliwahi kupima damu kabla ya hapa?"

"Januari. Karatasi ninayo." Nilikuwa nayo, bila shaka. Nilikuwa nimeibandika ukutani juu ya kitanda; asubuhi ile niliibandua nikaja nayo.

Aliikunjua, akaweka kidole kwenye mstari wa chini, wenye kinyota pembeni.

"Huu uliusoma?"

"Nilisoma madini ya chuma na chembe nyekundu. Vilikuwa vizuri."

"Karatasi ina mistari thelathini na moja, Joren. Umesoma miwili." Akaugonga ule wa kinyota. "Hii ni homoni ya kiume. Ilikuwa chini Januari. Ya leo ningeipata kwa mzee, na ningemwonea huruma."

Kisha akaniambia mashine ilichoona kwenye nyonga. Mifupa yangu imepungua uzito. Ule ndio uzito pekee ambao sikuwahi kupanga kuupoteza.

"Mwili usiopewa chakula cha kutosha unabana matumizi," alisema. "Unaanza kuacha visivyohitajika ili uione kesho. Kuzaa. Joto. Kujenga mifupa. Si kila mtu huonekana kidevuni. Wewe umeonekana, shukuru."

"Alhamisi naweza kupanda?"

"Umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia. Naweza kupanda?"

Hakutia sahihi.

Mtu akisimulia kisa kama hiki huwa anafika hapa anashukuru. Mimi sikushukuru. Nilimchukia Mama Lieve kwa miezi kadhaa. Nilihesabu: kama ningekubali tu kwamba ninanyoa, kama ningeomba radhi kwa kosa ambalo sikulifanya, huenda ningepanda Ardeni. Nilijitetea kwa ustadi mpaka nikajifunga mwenyewe. Ushahidi ulionisafisha ndio ulionitoa.

Siku ya tatu ya mbio Tibeau alishinda.

Niliitazama kwenye runinga nyumbani kwa mama, sahani ya chipsi na nyama ya mchuzi wa bia imewekwa mapajani na mama amesimama nyuma ya kiti kuhakikisha inaisha. Niliona Tibeau anainua mikono, ndevu nyekundu zimejaa matope. Niliweka uma chini. Mama akaurudisha mkononi mwangu.

Jumatatu walikuja wote saba, nyuso nyeupe kama mayai yaliyomenywa. Walikuja na beseni.

"Nawe uliapa," Roel alisema. "Ushindi umekuja. Lazima unyolewe."

"Kunyolewa nini, kaka?"

"Kaa chini."

Nikakaa. Tibeau akanipaka povu kwa uangalifu, kama fundi. Akapitisha wembe shavu la kulia, shavu la kushoto, kidevuni. Kila mara alisuuza wembe kwenye beseni.

Tulipomaliza sote tuliangalia ndani. Maji yalikuwa na povu tu. Hapakuwa na unywele hata mmoja.

"Umependeza," Tibeau alisema. Akalichukua beseni, akaenda kumwaga nje na hakurudi haraka.

Tibeau alipata mkataba. Alistahili.

Mimi niko kwenye mapaa na baba. Nina kilo sabini na mbili. Nyonga inapona polepole, na daktari haniahidi itapona yote. Naendesha baiskeli Jumapili, na mlimani wananipita watu wenye vitambi.

Mwezi wa kumi tangu nianze kula, tukiwa juu ya paa moja mjini Ronse, baba alisimamisha nyundo akanikazia macho.

"Hebu kanyoe, bwana. Unafanana na mbuzi."

Nilishika kidevu. Kilikwaruza.

Sikunyoa kwa wiki tatu.

Nilijiita mtu wa takwimu, na takwimu nilikuwa nazo kweli. Kosa langu lilikuwa kuchagua zile zilizonisifu na kuziacha zilizonisema, hata nilipozibandika ukutani juu ya kichwa changu.

Kwa hiyo wewe unayekimbia, unayepanda baiskeli, unayeogelea, na mizani inakufurahisha kila asubuhi: soma karatasi yote, mpaka mstari wa chini. Na ukiona mwili umeacha kazi ndogo uliyoizoea, usiusifu wembe.