Niliruka Kabla ya Kutupwa

Ndugu wasomaji, kosa ni langu peke yangu. Hakuna aliyenituma. Nilimdanganya rafiki yangu kwa mwili wangu mwenyewe, bila kufungua mdomo, na kila siku niliyomdanganya nilifurahi. Ee Mungu, nilifurahi sana!

Mimi ni mtu wa aibu. Kwetu Bariadi mgeni akibisha hodi mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Nilimaliza darasa la saba nikapata kibarua cha kushindilia pamba, miaka ile kampuni za watu binafsi zilipoanza kununua pamba na kila kona ikaota ghala.

Ghala letu lilikuwa na dereva wa lori aliyejifunza aikido, mchezo wa Kijapani wa kujihami, Dar es Salaam. Jioni, lori likisubiri mzigo, alitufundisha sisi vibarua juu ya lundo la pamba. Mwereka alioupenda kuliko yote aliuita shihonage. Unamshika mwenzako kifundo cha mkono, unauinua, unapita chini yake, unageuka, halafu unaurudisha ule mkono nyuma ya bega lake mwenyewe. Anaanguka chali.

"Begani kwake!" dereva alikuwa akipiga kelele. "Ukiuvuta nje utamtegua mtu kiwiko. Wala usimshindilie chini kama gunia, kisogo kitatangulia. Na wewe unayeanguka, kidevu kifuani. Ukiumia, piga paja, mwenzako aachie. Aachie hapohapo!"

Alinichagua mimi niwe wa kuangushwa, kwa sababu nilikuwa mwepesi na sikujua kukataa. Wa kunitupa alikuwa Masunga, rafiki yangu tangu utotoni, kijana mwenye kifua na maneno mengi.

Siku ya kwanza niliumia kweli. Siku zilizofuata nikagundua jambo. Pamba ni laini! Nikianguka kwa madoido, miguu ikapita juu ya kichwa, vibarua wote wanapiga makofi. Mimi, ambaye hata mama alikuwa akinisahau kwenye hesabu ya sahani, napigiwa makofi!

Basi nikaanza kuongeza chumvi. Masunga akinigusa tu, naruka. Akigeuka vibaya, naruka. Siku moja aliteleza kabla hata hajanivuta, nami nikaruka hivyohivyo. Akasimama akiutazama mkono wake.

"Umeona?" aliniambia. "Nguvu zimeanza kutoka zenyewe."

"Nimeziona," nikasema. Moyoni nilikuwa nacheka hadi mbavu zinauma.

Dereva hakucheka. Alinivuta pembeni. "Wewe bwana mdogo, anayeanguka ndiye mwalimu wa anayetupa. Sasa wewe unamfundisha nini mwenzako?" Nilitazama chini, maana kutazama chini nakujua vizuri. Kesho yake nikaruka juu zaidi.

Ghala la jirani lilikuwa na mlinzi, mzee mmoja kutoka Maswa, naye alikuwa akifundisha vijana wake. Mwereka wao waliuita tenkai kotegaeshi. Vijana tukaanza kuchambana barabarani.

"Shihonage yenu ni ya kuulia kuku!"

"Na hiyo tenkai yenu, ni mwereka au ni dawa ya minyoo?"

Dereva na mlinzi walituambia kwamba ni mwereka uleule. Kila mwalimu ana jina alilorithi kwa mwalimu wake, na mkono haujui unaitwaje. Nani asikilize? Tukataka kushindana siku ya mnada, kama ngoma zetu za Kisukuma: kundi hili huku, kundi lile kule, na watu wakihamia upande mmoja, huo umeshinda.

Kwa Masunga siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko mwereka. Utingo wa lori alikuwa amekimbilia machimboni, na dereva alisema wazi kwamba atamtazama Masunga siku ya mnada, akimridhisha atampandisha lori. Masunga alishaitangaza kazi hiyo kwao. Mama yake alishamfulia shati la safari.

Siku ikafika. Uwanja ulikuwa mkavu, udongo umekaza kama sakafu ya benki. Mlinzi akasimama katikati, akasalimia, "Mwadila!" Umati ukaitikia. Halafu akasema, "Kila mtu akija na mwangukaji wake, hiyo ni michezo ya kuigiza. Tubadilishane."

Jamani! Nani sasa angemrukia Masunga?

Masunga akapewa Maduhu, kijana aliyekuwa akiswaga ng'ombe wa mikokoteni ya pamba. Shingo na mabega ni kitu kimoja. Masunga akamshika mkono, akauinua, akapita chini, akageuka kwa mbwembwe. Maduhu hakuanguka. Alisimama tu, anatazama mawingu.

"Umemaliza, kaka?" aliuliza kwa adabu.

"Bado!" Masunga akajibu, sauti ikitokea kwapani.

"Haya. Nipo."

Mama mmoja muuza viazi akapaza sauti, "Nyie, mnapigana au mnatafutana chawa?" Watu wakavunjika mbavu, wakaanza kuhamia upande wa pili.

Masunga akaona aibu, na aibu ikageuka hasira. Akauvuta ule mkono nje kwa nguvu zake zote. "Begani! Rudisha begani!" dereva akaita. Maduhu akakunja uso, akapiga paja. Akapiga tena. Masunga hakuachia. Angejuaje kuachia? Miezi yote ile sikuwahi kumpigia paja hata siku moja! Mlinzi ndiye aliyewatenganisha. Maduhu akabaki ameshika kiwiko.

Zamu yangu ikafika. Mlinzi mwenyewe akanishika kifundo cha mkono, taratibu. Akauinua. Nikausikia ni uleule, shihonage kabisa! Na mwili wangu, kwa mazoea yake ya kishetani, ukaondoka.

Mzee alikuwa ameniachia. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, mimi niko hewani peke yangu.

Halafu nikatua, na safari hii hapakuwa na pamba. Mfupa wa bega ulilia ka! Kicheko kilichofuata nadhani kilifika Nyashimo. Watoto walikuwa wakirukaruka peke yao uwanjani wakiniigiza.

Masunga hakucheka. Alikuwa ananitazama. Nilimwona akihesabu.

Dereva alimwambia palepale, "Kijana ambaye mwenzake anapiga paja na yeye haachii, simpandishi kwenye lori langu." Kiwiko cha Maduhu kilipopona, dereva akaenda kumwomba kwa mlinzi. Mara ya kwanza lori lilipopita kwetu, Maduhu alikuwa juu kabisa ya marobota, akapunga mkono uleule.

Nilikaa na mkono shingoni msimu mzima wa kulima, nikitazama wadogo zangu wakifanya kazi yangu. Hayo si kitu. Masunga hakuja. Alipokuja hatimaye, hakukaa kwenye kigoda nilichomsogezea.

"Mara zote zile?" akaniuliza.

Nikatazama chini.

"Nitazame! Hakuna hata moja uliyoanguka kweli?"

"Ile ya kwanza," nikasema. "Ile uliniangusha. Niliumia."

"Ungeniambia tu kwamba sijui," akasema. "Ningejifunza. Muda nilikuwa nao." Akaondoka. Siku hizi tunasalimiana, lakini ni salamu ya njiani.

Ninyi mnaofanya mazoezi ya namna hii, mwereka uiteni mnavyotaka, jina halimvunji mtu. Rudisheni mkono begani, chungeni kisogo, na mkipigiwa paja, achieni. Lakini wewe unayeangushwa, nisikilize mimi kwanza. Mwenzako akikuvuta na wewe husogei, usimwonee huruma, wala usijitafutie makofi. Simama. Mwambie, "Bado." Atakukasirikia jioni moja tu.