Jumamosi za Fundi Saa

Fundi Saa alikuwa na subira ya kupachika springi nyembamba kama unywele ndani ya saa ya mkononi. Subira aliyokosa ni ya kumwona mtu akikosea mbele yake na kunyamaza. Mteja akifunga vibaya kamba ya kiatu pale mlangoni mwa kibanda, Fundi aliweka koleo chini akamwelekeza. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alisema mumewe alizaliwa huku akimwelekeza mkunga.

Jumamosi ilikuwa siku yake ya mto. Yeye na wenzake wawili walipanda mlimani, kwenye maji baridi, kuvua trauti, samaki mwenye madoadoa ubavuni na ujanja mwingi kichwani. Chambo cha minyoo hawakukigusa. Walichukua ndoano ndogo wakaizungushia nyuzi na manyoya mpaka ikafanana na nzi, kisha wakairusha kwa ufito mrefu, itue juu ya maji kama mdudu aliyechoka na safari. Samaki akidanganyika, walimvuta, wakamtazama, wakamsifu, wakamwachia aende zake.

Hapo kwenye kumwachia ndipo mkewe alipokuwa haelewi.

"Samaki yuko wapi?" alimuuliza kila aliporudi.

"Nimemrudisha."

"Kwa mama yake?"

"Mke wangu, raha yake ni kumnasa, si kumla."

"Basi kesho nikipika nitakuonyesha sufuria, halafu nitairudisha jikoni. Wanaume wengine wanaleta kitoweo. Wewe unaniletea suruali mbichi."

Wenzake walikuwa Kinyozi na Kilo Tano. Kinyozi alifunga nzi wake kwa nywele alizozoa sakafuni mwa duka, na alikumbuka kila shungi limetoka kichwa gani. "Huyu amenaswa na upara wa shemeji yako," angesema, akimbusu samaki. Kilo Tano alikuwa mhasibu mstaafu. Samaki aliyemponyoka zamani alikuwa na kilo mbili siku ile, akafika tatu, sasa yuko tano. Kinyozi alisema ndiye samaki pekee mtoni anayenenepa kwa kusimuliwa.

Watatu hao walibeba nzi wao wamewachomeka kofiani, na walikuwa na sheria moja tu: atoaye ushauri bila kuombwa hung'oa nzi mmoja kofiani akamkabidhi aliyeshauriwa. Sheria hiyo iliwatajirisha wawili. Kofia ya Fundi ilikuwa na matundu kama chujio. Juma zima alikaa akifunga nzi, na Jumamosi kabla jua halijakaa sawa alikuwa ameshawatoa wote. "Inua ncha, ndugu yangu!" Nzi. "Utateleza hapo!" Nzi. Kinyozi alifikia hatua ya kurusha ovyo kwa makusudi, ili avune.

Ilikuwa furaha mpaka jioni moja Fundi alipofanya mazoezi ya kurusha kwenye ujia wa nyumba yao, ndoano ikanasa shuka la jirani kambani, na jirani naye akiwa upande wa pili wa shuka. Mkewe aliomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Kisha akaketi kitandani.

"Baba watoto, juma zima nakuona kisogo, umeinamia saa za watu. Jumapili ni ya ndugu na jamaa. Hiyo Jumamosi ndiyo ilikuwa yangu, na mto umenichukulia. Nitakuja mara moja nione. Nikiona maana, nenda mpaka uote magamba. Nisipoona, ule ufito utatoa utando wa buibui darini, na Jumamosi utakaa na mimi."

Fundi alikubali, na usingizi ukampa kisogo. Hakuogopa kukaa na mkewe. Aliogopa kwamba akiuacha mto atabaki kuwa mtu wa kibandani tu, jicho moja kwenye kioo cha kukuzia, akizeeka kwa kuhesabia wenzake muda.

Siku ilipofika, mkewe alivaa sketi ya kazi na viatu vya mpira, akashika ufito wa mumewe, akasimama ukingoni. Wanaume watatu walisimama nyuma yake, wamebana midomo kama watu waliobeba maji kinywani. Sheria ni sheria.

"Haya," akasema, "nashikaje?"

Loo! Swali lile lilikuwa sawa na kuzibua mfereji.

"Mkono uende kama mshale wa saa," Fundi akasema, "taratibu, usimame pale juu, kisha—"

"Shemeji, usimsikilize. Kama wembe!" Kinyozi akadakia. "Ukisita unakata mtu."

"Mshipi usitoe mwingi kuliko unaoweza kuusimamia," Kilo Tano akasema. "Siku ile ya kilo tano na nusu, mimi—"

"Na nusu imetoka wapi?" Kinyozi akauliza.

"Kifundo cha mkono kisikunjike!"

"Kikunjike kidogo!"

Mwalimu akarusha. Mshipi ukapaa nyuma, ukazunguka, ukarudi na kofia ya Kilo Tano. Akaichomoa ndoano polepole, akamrudishia mzee kofia yake kwa mikono miwili, kisha akawageukia wote kwa sauti aliyoitumia darasani.

"Mimi juma zima nakaa na watoto wa chekechea. Kila mmoja ananiita, na wote kwa wakati mmoja. Nyinyi mna mvi na bado hamjawashinda adabu. Kaeni chini."

Wakakaa. Kinyozi hata akakunja miguu.

Mwalimu akapanda na mto peke yake mpaka kwenye kona, pale maji yanapotulia chini ya jabali. Fundi alimfuata kwa macho, na kila alichokiona kilimchoma. Amesimama wima ndani ya maji, jua liko mgongoni, kivuli chake chote kimelala majini. Samaki gani atakaa pale? Mshipi umelegea kama uzi wa kuanikia. Nzi amezama zamani. Neno moja tu lingetosha: inama. Akikosa samaki ataona upuuzi, na akiona upuuzi, Jumamosi imekwenda.

"Usiende," Kinyozi alimnong'oneza. "Amesema tukae."

"Nakwenda kumwokoa."

"Unakwenda kujizika."

Fundi akaenda, akinyata juu ya mawe. Alipofika karibu, akafungua kinywa. Ndipo alipouona uso wa mkewe kwa ubavuni. Hakuwa akitazama mshipi. Hakuwa akitazama chochote. Mabega yake, ambayo Fundi aliyajua yakiwa yamepanda karibu na masikio tangu mtoto wao wa kwanza, yalikuwa yameshuka. Maji yalimfika magotini yakimpita, naye aliyaacha yapite. Midomo ilikuwa wazi kidogo, kama ya mtu anayesikiliza wimbo kutoka nyumba ya mbali.

Fundi Saa akafunga kinywa. Kilifungika kwa shida, kama saa yenye kutu, lakini kilifungika. Akarudi alikotoka, akakaa, na wenzake walipomtazama hawakuthubutu kumtania.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea mlima mwalimu aliporudi, sketi imelowa, mikono mitupu.

"Umepata?" Fundi akauliza.

"Samaki? Hata mmoja."

Fundi akaanza kuuona ufito darini, ukitoa utando wa buibui.

"Lakini nimesimama mahali muda wote huo, na hakuna aliyeniita," mkewe akasema. "Sikumbuki lini mara ya mwisho. Jumamosi tutakuja."

"Tutakuja?" Fundi akaruka. "Wote wawili?"

"Wote wawili. Mimi nitakaa kule konani. Wewe utakaa hapa na wenzako."

"Sawa kabisa! Ila... ufito tunao mmoja."

"Ninao mimi," mkewe akasema. "Mume wangu, wewe huku huji kuvua. Unakuja kuongea. Hilo halitaki ufito."

Kilo Tano alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Kinyozi akamwambia Fundi pole, kwa uso usio na pole hata chembe.

Waliposhika njia ya kurudi, mwalimu alitangulia na ufito wake, na ncha ikawa inagonga kila tawi. Fundi alikuja nyuma, ameuma ulimi. Kichaka cha kwanza kikapita, na cha pili. Kwenye cha tatu mshipi ukanasa kabisa, mwalimu akasimama akageuka.

"Haya, sema. Nibebeje nisiuvunje?"

"Ncha iangalie nyuma," Fundi akasema.

Akangoja aulizwe jingine. Hakuulizwa.